Pakeji ya setingi za sauti kwenye Debian: nimepandisha toleo, kila nilichoweka kimefutika

fundi_maiki:
Wakuu habari zenu. Tuna chumba cha kurekodia kwaya hapa Mwanza, mashine 6 zote Debian (Linux), na nimechoka kuzunguka moja moja kuweka setingi zilezile nikaona nitengeneze .deb yangu ndogo (pakeji ya kusakinisha) niweke kila kitu humo. Mwanzo nilikuwa nafungua /usr/share/pipewire/pipewire.conf (setingi za PipeWire, programu inayoendesha sauti) mwenyewe nabadilisha quantum (sampuli za sauti zinazochakatwa kwa mkupuo mmoja, zikiwa chache sauti inachelewa kidogo tu) kutoka 1024 naweka 64, safi kabisa. Wiki iliyopita nikapandisha mashine ya kurekodia kutoka Debian 12 kwenda 13, Jumamosi dada wa soprano anaimba anajisikia kwenye hedifoni sauti yake inamfuata kwa nyuma, akavua hedifoni akasema mimi siwezi kuimba hivi, mazoezi yakasimama nusu saa nzima. Kufungua lile faili nakuta jipya, langu halipo.
Sasa nimeliweka faili hilohilo ndani ya pakeji yangu, dpkg (chombo cha kusakinisha pakeji) inagoma inasema ni mali ya pakeji nyingine. Kuna mtu kaniambia nitumie --force-overwrite (kulazimisha iandike juu), ni sawa? Halafu postinst yangu (skripti inayojiendesha pakeji ikishaingia) inaingiza kila yuza kwenye grupu la audio. Naombeni msaada.

Bi_Kaneli:
Kaka usitumie hiyo force tafadhali. dpkg inakulinda hapo, faili moja lina mwenye mmoja, ukilazimisha leo basi updeti ya pipewire ikija mtagombania tena. Vitu vya /usr/share siyo vya kuhariri kwa mkono, pakeji ikija na toleo jipya inaandika juu bila kukuuliza.
Pipewire imekuachia nafasi yako, folda ya pipewire.conf.d. Weka humo kifaili chako, kwa mfano 50-kwaya.conf, chenye mistari hii tu:

context.properties = {
    default.clock.quantum = 256
    default.clock.min-quantum = 64
}

Basi. Yale mengine yote yanabaki ya pipewire, wewe unagusa hayo mawili tu. Na usije ukanakili pipewire.conf zima kwenda /etc/pipewire, maana hilo la /etc ndilo litakalosomwa na lile jipya la toleo jipya litapuuzwa, utakaa na setingi za zamani bila kujua.

mzee_wa_deb:
Niongezee hapo kwa dada. Folda hiyo ya .d ipo sehemu tatu, /usr/share/pipewire, /etc/pipewire na ~/.config/pipewire. Mimi pakeji naiweka ya /usr/share, /etc namwachia mwenye mashine, akitaka namba tofauti anaandika la kwake na linashinda langu.
Ukiweka kwenye /etc pia siyo kosa, debhelper (zana za kutengeneza pakeji) italiandikisha kama conffile, yaani mtu akilibadilisha dpkg haitalifuta, itauliza. Ila kumbuka apt remove inaliacha pale pale, mpaka upige purge (kutoa pamoja na setingi). Nimewahi kuhangaika siku mbili na mashine ambayo pakeji nilishaitoa kumbe limits (faili la ruhusa za mayuza) bado zipo.

fundi_maiki:
Asanteni sana, nimeelewa sasa kwa nini ilikuwa inapotea. Na grupu je?

Bi_Kaneli:
Hapo ndipo naomba uwe makini zaidi. Postinst isiingize watu kwenye grupu. Kwenye Debian yuza aliye kwenye audio anafika kwenye kadi ya sauti moja kwa moja hata kama aliyekaa mbele ya mashine ni mwingine, kwa hiyo mtu aliyeingia kwa mbali anaweza kusikiliza maiki. Mashine za kwaya zinatumiwa na wengi, fikiria hilo. Arch (Linux nyingine) wao wana pakeji inaitwa realtime-privileges, grupu lake ni realtime, la ruhusa tu ya programu kupewa kipaumbele (rtprio) na kushikilia memori (memlock), halihusiani na kadi. Fanya hivyo, pakeji itengeneze grupu na faili kwenye /etc/security/limits.d:

@realtime - rtprio 95
@realtime - memlock unlimited

halafu wewe mwenyewe unaingiza anayerekodi tu. Atoke aingie tena, apige ulimit -r, ikitoka 95 imekubali.

mzee_wa_deb:
Na hiyo 64 usiilazimishe mashine zote. Kwa sampuli 48000 kwa sekunde ni kama milisekunde 1.3, laptopu ya zamani haiwahi, sauti inakatika katika. 256 ni 5.3 hivi, mwimbaji hasikii tofauti. Jaribu kwanza bila kupakeji, pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128, fungua pw-top uangalie safu ya ERR (idadi ya makosa) wakati kwaya inaimba, ikipanda ongeza namba. Ukimaliza rudisha 0.

fundi_maiki:
Nimejaribu leo jioni. 128 ile laptopu ya alto ERR ilifika 40 ndani ya wimbo mmoja, 256 imekaa 0 mpaka mwisho. Pakeji nimeiandika upya, Architecture: all, mafaili mawili tu na grupu, imeingia mashine zote 6 bila dpkg kulalamika. Dada wa soprano anakuja kesho saa kumi.