Karatasi nzuri au rangi nzuri? Naanza mandhari kwa rangi za maji

Juma_Bombo: Salaam jamani. Nina akiba kidogo, haitoshi kununua vyote viwili. Nataka kuchora vilima, ziwa, mawingu ya mvua. Nichukue tyubu za rangi za kisanii niendelee na manila, au ninunue karatasi za pamba nibaki na kisanduku changu cha rangi za shule? Michoro 6 ya kwanza niliifanyia kwenye karatasi ya fotokopi. Yote imejikunja kama majani ya mgomba juani.

Binti_Kabale: Karatasi, kaka. Mwaka mzima nilijiona nina mkono mzito. Nilikuwa nakwenda ziwa Bunyonyi alfajiri, ukungu ungali umelala kati ya visiwa. Sasa ukungu haupakwi: unalowesha karatasi kwa maji matupu, unagusisha rangi hafifu ya kilima cha mbali, unaiacha itambae yenyewe. Manila inanyonya papo hapo, kilima kinabaki na ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe. Ukirudisha brashi mara ya tatu, uso unaota vinyweleo kama sweta kuukuu. Siku niliyopata kipande cha karatasi ya pamba, ile nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, rangi ilikaa mbichi hadi nikawahi kuongeza kilima cha pili, na kudonoa kidogo kwa tishu pale mwanga ulipogusa maji. Mkono ni uleule.

MzeeWaTyubu: Napinga. Karatasi ghali inatia woga, mtu anaitazama wiki nzima. Tena rangi za shule zina kijazio kingi, ukichanganya tatu umepata tope. Nunua tyubu 3 tu, mwanangu: bluu ya ultramarini, siena ya kuchoma (hudhurungi yenye wekundu), njano. Bluu na siena zinakupa kijivu cha wingu la mvua, na siena peke yake ndiyo barabara ya murram. Kijani usinunue. Kijani cha tyubu kwenye migomba ni mlango uliopakwa jana.

Binti_Kabale: Kwa kijani nakuunga mkono, mzee wangu. Ila dawa ya woga ni kisu. Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 inatoa vipande 8 vya 19 kwa 28, na nyuma pia unachora. Ni michoro 16 hiyo.

Akello_Jinja: Mnabishania vifaa, hamjamuuliza anachorea wapi. Juma, usichore kwa kuiga picha ya simu, mara nyingi inageuza vivuli kuwa weusi mtupu. Kaa nje, ila si saa sita: jua la huku linasimama utosini, vivuli vinajificha chini ya miti, mandhari yote inakuwa bapa. Toka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Watoto watakuzunguka, wazoee. Mmoja aliniambia mtumbwi wangu unazama. Nikaudhika, halafu nikatazama: taswira yake majini nilikuwa nimeichora kando, badala ya chini yake moja kwa moja. Mtoto alikuwa na haki.

Juma_Bombo: 😂 Na mvua hizi je? Jana nimesubiri anga likauke robo saa, nikagusa mti, pakachanua kitu kama koliflawa.

MzeeWaTyubu: Anga lilikuwa nusu bichi, na brashi yako ina maji kuliko karatasi. Maji yanasukuma rangi pembeni, ndiyo hiyo koliflawa. Gusisha mgongo wa mkono: ukisikia ubaridi, bado. Kanywe chai kwanza.

Juma_Bombo: Basi nimegawanya: karatasi moja kubwa ya pamba, tyubu mbili, bluu na siena. Njano itatoka kwenye kisanduku cha shule, mzee anisamehe. Jumamosi asubuhi niko Entebbe, upande wa ziwa. Nitaweka picha hapa.

Akello_Jinja: Mtumbwi usisahau.