Kodi U0104: kruzi kontroli haifanyi kazi tangu bampa linyooshwe

Dereva wa Segera
Wanajukwaa, salaam. Gari langu, lililotumika Japani kabla ya kuingia nchini, lina kruzi kontroli ya rada, ile inayopunguza mwendo yenyewe inapolikaribia gari la mbele. Tangu bampa la mbele linyooshwe na kupigwa rangi, kitufe cha usukani hakiitikii, na skana inatoa kodi ya hitilafu U0104, yaani mawasiliano na moduli (kompyuta ndogo) ya kruzi kontroli, ambayo hapa ni rada yenyewe, yamepotea. Injini inavuta kama kawaida, lakini kodi ikifutwa hurudi mara swichi inapowashwa. Gereji inanishauri ninunue rada nyingine ya mtumba. Nitahakikishaje kwamba rada ndiyo mbovu kabla sijalipa?

Fundi Umeme
Mkuu, usinunue kwanza. Kodi hiyo huandikwa na kompyuta nyingine iliyosubiri ujumbe wa moduli isiupate; haisemi kwamba moduli imekufa, inasema haisikiki. Tazama imeandikwa kwenye kompyuta zipi. Ikiwa ya injini na ya ABS (ile ya breki) zote zinailalamikia rada huku zenyewe zikiwasiliana vizuri, chunguza umeme, erthi na waya za rada. Kisha chomoa betri, subiri dakika chache, upime kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD, pale skana inapochomekwa. Omu 60 hivi ni sawa, kwa kuwa mtandao wa CAN, yaani jozi ya waya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia kwake, una vipinga viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, kimoja hakionekani, na ukipata karibu na sifuri, waya zimegusana.

Mzee wa Multimita
Hapo pana mtego. Omu 60 hazithibitishi kwamba rada imeunganishwa, kwa sababu rada mara nyingi hukaa kwenye tawi, na tawi likikatika vipinga vya mwishoni bado vinasomeka. Isitoshe, katika magari mengi ya karibuni pini hizo huishia kwenye kompyuta ya lango, inayopitisha ujumbe kati ya mitandao ya gari, na mtandao wa rada uko nyuma yake. Nenda kwenye plagi ya rada yenyewe. Swichi ikiwa imewashwa, kila waya wa CAN usome karibu na volti 2.5, mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo. Umeme na erthi vipime kwa balbu, kwani waya uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 12 kwenye multimita na bado ukashindwa kubeba mzigo.

Dereva wa Segera
Nashukuruni. Kodi imeandikwa na injini pamoja na ABS, fyuzi ni nzima na waya za CAN zinasoma vizuri. Balbu iliyounganishwa kwenye umeme na erthi za plagi iliwaka kwa mbali sana, lakini upande wa erthi ulipohamishiwa kwenye nguzo hasi ya betri ikawaka sawasawa. Bolti ya erthi, nyuma ya taa ya kushoto, ilikuwa imekazwa juu ya rangi mpya. Rangi imekwanguliwa na kodi haijarudi.

Fundi Umeme
Vizuri, ila usitumie kruzi kontroli hiyo kwenye barabara kuu bado. Rada iliyofunguliwa pamoja na bampa huweza kupinda kidogo, ikafuata gari la njia ya pembeni badala ya lililo mbele yako. Tafuta gereji yenye vifaa vya kusawazisha pembe yake.