Mwenye kibandaumiza hapa Mtwara, raundi za mwisho za Motegi umezipeleka wapi?

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo wiki mbili na ushee nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka, naona zinapanda. Jina la banda silitaji, ila mwenyewe yumo humu na anajijua.

Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025 kulikuwa na mbio za pikipiki za MotoGP kule Motegi, Japani. Wao wanaanza saa nane mchana, kwetu ni saa mbili asubuhi. Muda huo mabanda yote ya mjini yamefungwa, wenyewe wamelala. Ndiyo maana tukamfuata mapema, mafundi na madereva wa boda wa kijiwe chetu, tukamwambia bosi, tufungulie asubuhi, tutalipa. Akasema mpira ni mia tano ila kwa asubuhi hiyo ni buku kwa kichwa. Hatukubishana. Tulikuwa kumi na moja. Kachukua elfu kumi na moja taslimu, kaihesabu mara mbili, kaitia mfuko wa shati.

Siku ikafika. Mimi nimebeba chupa ya chai, jamaa mwingine kaja na ming'oko, vile viazi vya porini, ya moto kwenye sufuria, chumvi na pilipili pembeni. Raha tupu. Bagnaia yuko mbele, Marquez nyuma yake wa pili, na akimaliza hivyo hivyo ubingwa wa dunia ni wake. Raundi 24. Mbio zikielekea ukingoni, pikipiki ya Bagnaia, Ducati, ikaanza kutoa moshi. Sasa wekeni mafundi sita mbele ya pikipiki inayotoa moshi muone. Mmoja anasema ringi hizo, mwingine anasema oili inadondokea ekzosi, wa tatu kasimama kabisa, kasogea mpaka kwenye skrini anausoma moshi rangi yake kama yuko gereji.

Hapo ndipo bosi kaingia na rimoti. Nyuma yake vijana watatu. Anasema, "Fundi, hizo pikipiki si zinazunguka tu? Na bingwa mshamjua." Paa! Mpira. Tena marudio, wakuu. Mechi ya jana yake, ambayo matokeo kila mtu alilala nayo! Tulipopiga kelele akajibu king'amuzi analipia yeye, asiyetaka mlango ule pale.

Sasa bosi, pesa nitaidai, lakini kwanza hilo neno la "zinazunguka tu" nataka tulimalize.

Huyo Marquez, wa namba 93, ni mtoto wa Cervera, Hispania. Kachukua ubingwa wa daraja la juu 2013 akiwa na miaka 20, mwaka wake wa kwanza tu kupanda hayo madude ya cc 1000. Mwaka uliofuata kashinda mbio kumi za mwanzo mfululizo. Kufika 2019 ana vikombe sita vya daraja hilo, ukiongeza viwili vya madaraja ya chini ni vinane. Halafu Julai 2020, pale Jerez, pikipiki ikamrusha, mfupa wa mkono wa kulia juu ya kiwiko ukavunjika. Wakamfunga chuma. Siku chache baadaye kapanda tena! Mkono ukakataa, akashuka. Karudi nyumbani, anasukuma dirisha tu, chuma kikakatikia ndani ya mkono.

Mkono huo huo umepasuliwa mara nne. Mara ya nne ilikuwa 2022, Marekani, wakaukata mfupa upya na kuuzungusha, kwa sababu ulikuwa umeunga vibaya. Nadhani fundi yeyote aliyewahi kuletewa fremu iliyochomelewa ikiwa imepinda ananielewa hapa. Huinyooshi kwa nyundo, unakata unaanza upya. Na katikati ya hayo yote alipata ajali nyingine, akawa anaona vitu viwili viwili.

Mwisho wa 2023 akaachana na timu yake ya Honda wakati mkataba ulikuwa na mwaka mzima mbele, akaenda Gresini, timu ndogo, kupanda Ducati ya msimu uliopita. Yaani mtu mwenye vikombe vinane anapanda chombo ambacho wenzake wameshakitumia. Akashinda nacho. Ndipo 2025 wakampa mashine ya timu ya kiwanda chenyewe cha Ducati, na asubuhi ile uliyoshika rimoti alikuwa anachukua ubingwa wa saba daraja la juu, akimfikia Valentino Rossi, yule mkongwe wa namba 46, baada ya kukaa miaka sita bila kombe.

(Na nyie wa stika za 46 kwenye bajaji, nyamazeni kwanza. Juzi nimemuuliza mmoja pale Bima 46 ni ya nani, akaniambia ni namba ya bahati. Na wale wanaolala kifudifudi juu ya tenki usiku barabara ya Naliendele, kandambili miguuni, halafu wanajiita Marquez: mwenzenu anavaa suti yenye mfuko wa hewa unaojaa kabla mwili haujagusa chini, na bado kavunjika namna hiyo.)

Matokeo nimeyapata kwenye simu, nimesimama nje ya banda, bando linasuasua. Bagnaia kaifikisha na moshi wake, kashinda. Marquez wa pili, bingwa, analia. Mimi nimeyasoma kwa maandishi kama taarifa ya msiba.

Jumapili iliyofuata, Indonesia, raundi ya kwanza tu, mshindani mwenzake Bezzecchi kamgonga Marquez kwa nyuma, wote wawili chini. Bega limevunjika, na ni upande ule ule wa kulia. Kisu tena.

Kwa hiyo bosi, jamaa kapanda pikipiki akiwa bingwa wiki moja tu. Na ile dakika ya kuvuka mstari, tuliyoilipia buku buku, wewe ulikuwa unatuonyesha kona iliyopigwa jana.

Elfu kumi na moja. Ming'oko tumekusamehe, maana nasikia tulipotoka mlibaki mnaila.