Mrejesho: uzio wa haibiskasi uliokuwa mtupu chini

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kuhusu uzio wangu wa haibiskasi: juu umefunga vizuri, chini vijiti vitupu, na maua ya kuhesabu. Mlinishauri nikate kwa awamu na kuuacha mpana chini kuliko juu, ili jua lifike hadi kwenye mashina.

Umeitikia! Chini kidogo ya kila mkato yametoka machipukizi mawili matatu, laini na yanang'aa. Nilianza na theluthi ya matawi marefu, nikasubiri yachipue ndipo nikakata mengine, hivyo uzio haukubaki kipara. Pale palipokuwa panapitisha mkono, sasa majani yamefunga.

Maua yalichelewa, na atakayefuata njia hii awe na subira. Haibiskasi huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukikata unaondoa na vitumba. Aliyesema nipunguze mbolea yenye naitrojeni nyingi, asante sana; majani yalikuwa yananawiri tu. Siku hizi naweka mboji na kumwagilia maji ya kutosha kuzama hadi mizizini.

Vidung'ata walijaribu kuvamia machipukizi, weupe kama pamba, wamejibana pale jani linaposhikana na tawi. Maji ya sabuni yamewapunguza sana, ila lazima upulizie hadi chini ya majani.

Kwenye pengo la mwisho nimepanda miche mipya, sentimita 75 kati ya mmoja na mwingine. Hiyo nitaikata ncha mapema, ingali mifupi, ianze kutanuka kuanzia chini.