Acheni kupima wapiga piano wa jazz kwa kasi ya vidole, mnamwonea Monk na mkono wa kushoto hamuusikilizi kabisa!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukifunguliwa mjadala wa nani mkali kati ya wapiga piano wa jazz, mambo ni yale yale: mtu anaweka kipande cha nusu dakika cha Oscar Peterson akishusha nota mfululizo, anaweka na cha Thelonious Monk akigonga nota mbili na kunyamaza, halafu anatangaza mshindi. Juzi mdau mmoja kaandika bila aibu kwamba Monk hakujua kupiga piano, na watu wazima wakamgongea laiki kibao. Hapana jamani. Hili siwezi kulipita kimya.

Niweke sawa jambo moja mapema ili tusichanganyane: sizungumzii Tabora Jazz wala Morogoro Jazz, ile dansi yetu ya magitaa ambayo naipenda mno. Nazungumzia jazz ya Wamarekani weusi, ya Harlem (mtaa wa weusi pale New York), Pittsburgh, Philadelphia na Chicago.

Nianze na huyo Monk. Kazaliwa Rocky Mount, North Carolina, mwaka 1917, kakulia New York, na miaka ya mwanzo ya 1940 ndiye aliyekuwa mpiga piano wa Minton's Playhouse pale Harlem, ukumbi ambao bebop, ile jazz ya kasi na mistari migumu, ilipikwa. Akina Charlie Parker wa saksafoni na Dizzy Gillespie wa tarumbeta walikuwa wakipita hapo hapo. Mtu asiyejua kupiga angekaa vipi kwenye kiti hicho, mbele ya watu hao? Msikilizeni anapopiga peke yake, bila besi wala dramu: mkono wa kushoto unaruka kutoka nota nzito ya chini kwenda kwenye kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya katikati, unarudi chini, unaruka tena. Huo ndio mtindo wa stride wa wazee wa Harlem, James P. Johnson na wenzake, na si kazi ya mwanafunzi.

Na zile nota mnazoita za kukosea? Mpiga gitaa au saksafoni akitaka sauti iliyo kati ya nota mbili, anaivuta tu, anaipata. Piano haivutiki. Ukibonyeza kitufe, nota ni hiyo hiyo. Monk alikuwa analaza vidole, anabonyeza vitufe viwili vilivyopakana kwa pamoja, halafu anakiachia kimoja na kukishikilia kingine, sikio lako linabaki na ile sauti ya katikati ambayo piano haina. Alifanya hivyo kwa makusudi, wimbo baada ya wimbo, miaka na miaka. Halafu anakuja mtu na simu yake ananiambia jamaa alikuwa anateleza vidole!

Mwaka 1951 polisi wa New York walimnyang'anya kibali cha kupiga kwenye vilabu vya pombe vya jiji, na ilimchukua hadi 1957 kukirudisha. Aliporudi akakaa klabu ya Five Spot kwa miezi na mpiga saksafoni John Coltrane. Coltrane akiwa katikati ya solo, Monk anaamka kwenye piano, anacheza pembeni, anamwacha na besi na dramu. Hapo napo mtasema kashindwa kupiga? Alikuwa anasikiliza, na alijua nafasi aliyoiacha inamfanyia Coltrane kazi kuliko kodi yoyote ambayo angeongeza.

Sasa twende kwa hao mnaowatumia kama fimbo. Kasi si dhambi. Art Tatum, mzaliwa wa Toledo, Ohio, 1909, karibu kipofu kabisa, alikuwa na kasi ambayo mpaka leo wapiga piano wa classic wanaitikisia kichwa. Lakini mkimsifia kasi tu mnamwibia. Ukubwa wa Tatum uko kwenye kodi: anachukua wimbo wa kawaida unaojulikana na kila mtu, anauwekea chini kodi ambazo mtunzi hakuziwaza, anapotea nazo mbali, halafu anarudi nyumbani kwenye pigo sahihi. Mkiondoa hizo zote nota za haraka, bado ni Tatum.

Peterson mwenyewe ndiye ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 1993 alipata kiharusi kilichoudhoofisha mkono wa kushoto. Alirudi jukwaani, mkono wa kulia bado una mambo, na heshima yangu kwake kwa kurudi haina mpaka. Ila sikilizeni rekodi za kabla na za baada. Kilichopungua mtakisikia wenyewe, na hakiko kulia.

Ndiyo maana nasema mkono wa kushoto ndio kitambulisho. Mkitaka kulinganisha, linganisheni huko. Bud Powell, kijana wa Harlem, aliupunguza ukabaki na nota mbili, wakati mwingine moja, ili kulia kupige mistari mirefu kama ya Parker. Erroll Garner wa Pittsburgh, ambaye hakusoma nota maisha yake yote, kushoto anagonga mapigo manne kama gitaa la rithimu bila kuyumba, huku kulia kunachelewa nyuma kidogo, na hapo ndipo utamu wote ulipo. McCoy Tyner anashuka chini kabisa, anagonga nota mbili nzito, anaziacha zivume, halafu anapanda na kodi zilizopangwa kwa hatua za nne nne, yaani kama kutoka do hadi fa. Ule uzito unaousikia kwenye kundi la Coltrane kuanzia 1960 hadi 1965 ni mkono huo. Hapo nani mshindi? Swali lenyewe halina akili.

Kuna wanaomdharau Bill Evans eti laini, muziki wa kulia chakula. Evans aliitoa nota ya msingi, ile inayoibeba kodi, kwenye kodi zake za kushoto akamwachia mpiga besi, na kwa kufanya hivyo akampa besi uhuru wa kuzungumza badala ya kubeba mizigo. Msikilizeni kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961, yeye na mpiga besi Scott LaFaro: wanapokezana, wanakatizana, wanangojana. Siku 11 baadaye LaFaro akafa kwenye ajali ya gari, na Evans akakaa miezi bila kupiga. Mnaita hiyo laini?

Ahmad Jamal je, anayekaa mapigo manane bila kugusa kitufe na ukumbi mzima wa Pershing, Chicago, 1958, unamsubiri? Mpiga tarumbeta Miles Davis alikuwa anamwambia mpiga piano wake, Red Garland, apige kama Jamal. Kwa kipimo chenu cha nota kwa sekunde, Jamal anashika mkia.

Na hasira yangu kubwa zaidi iko hapa. Katika orodha zote hizo sijamwona Mary Lou Williams hata mara moja, mama ambaye nyumba yake pale Harlem ndiko Monk na Powell walikokuwa wakienda kupiga na kujifunza. Sijamwona Abdullah Ibrahim wa Cape Town, ambaye kushoto kwake kunarudia kifungu kimoja kwa utulivu wa nyimbo za kanisani mpaka unainama. Na sijamwona Randy Weston! Jitu la Brooklyn lenye mikono mikubwa, linaloigonga piano upande wa chini kama ngoma. Novemba 1960, Tanganyika bado haijapata uhuru, Weston aliingia studio New York na kurekodi Uhuru Afrika. Humo kuna shairi la Langston Hughes linalosomwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki, na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku albamu hiyo. Sisi wenye lugha hatuna habari nayo, tuko bize kuhesabu vidole vya Peterson. Mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, akaipa albamu ya 1971 jina hilo, na wenzake kwenye kundi wakachukua majina ya Kiswahili. Mnayajua hayo? Au vile vipande vya nusu dakika havikufika huko?

Vipande hivyo ndivyo vinavyotuharibia. Muziki unaojengwa kwa dakika 10 unakatwa pale vidole vinapokimbia tu, ukimya unatupwa, besi haisikiki kwenye spika ya simu, halafu mtu anahukumu. Mkono wa kushoto unapiga chini, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini. Yaani nusu ya piano hamjawahi kuisikia, mnabishana kwa nguvu kuhusu nusu iliyobaki.

Anayetaka kuendelea kumtukana Monk humu aje na wimbo mzima, ausikilize kwa hedifoni, aniandikie hapa chini mkono wa kushoto unafanya nini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo nitabishana naye usiku kucha.