Wakuu naomba ushauri: nibaki na gruupu ya disikasheni au nisome na AI peke yangu?

Msomi_Kikoni: Habari zenu. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Kampala, nasoma takwimu. Shida ni kosiwaki za gruupu, tuko sita tunaofanya ni wawili, mwezi jana nimekesha na ripoti mpaka saa nane usiku, asubuhi jamaa ananitumia jina na namba ya usajili WhatsApp, "niongeze hapo", na maksi tukapata sawa!! Sasa nasoma na AI kwenye simu, inaeleza polepole, nikikosea inanirudisha nyuma, hainicheki. Watu wanasema vyuo vinaelekea huko, kila mtu na mwalimu wake. Nijitoe?

Mzee wa Wandegeya: Pole dogo, "niongeze hapo" ipo tangu enzi zetu za kuandika kwa mkono. Andikeni kwenye Google Docs, historia yake inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, lekchara akibisha mfungulie.

Binti_Arua: Hiyo ya kila mtu na mwalimu wake si mpya. Bloom, mtafiti wa elimu kule Marekani, aliandika 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa peke yake anawapita kama 98 kati ya 100 wa darasani. Ila mtafiti mwingine, VanLehn, alipopitia tafiti nyingi 2011 akakuta faida ipo lakini ndogo kuliko hiyo, na Bloom alikuwa anaongelea mwalimu mtu, si simu.

KijanaWaKasese: Mimi nilijitoa. Semista nzima na AI, najiona profesa, siku moja tuko kwa muuza rolex (chapati ya mayai) tunangoja mayai yaive mshkaji akaniuliza p-value, ile namba ya kwenye takwimu, maana yake nini hasa, nikabaki naangalia chapati. Nilikuwa naelewa ikielezwa, kueleza mwenyewe sijui. Mazur, profesa wa fizikia kule Harvard, alianza 1991 kufundisha hivi, swali unajibu peke yako kwanza, halafu unabishana na jirani, halafu unajibu tena. Fanya hivyo, AI usiku, ubishi mchana.

Msomi_Kikoni: Na bando je? Zinaisha kama maji

Binti_Arua: Si tunakatwa kodi 12% tangu Julai 2021 🙄 Kama chuo chenu kinatumia Moodle (mfumo wa kuweka masomo mtandaoni), pakua notsi kwenye app ukiwa kwa waifai ya chuo, hosteli unasoma bila data.

Msomi_Kikoni: Asanteni sana. Nimeongea na wawili, tunaanza Jumamosi. Yule wa niongeze hapo keshauliza kama kuna nafasi 😂