Tupeane uzoefu: bango la duka lako limewahi kukuponza?

Fremu ya Kona: Wakuu, leo nimepita mtaa niliokuwa na duka zamani, nikakuta vijana wanashusha bango la mtu, mwenyewe kasimama kashika kiuno. Nimekumbuka mbali. Mwenye kisa atiririke.

Kinyozi Mstaafu: Langu niliwekewa bure na kampuni ya soda, jina langu wamelibana pembeni kama stempu. Ushuru ukaja kwangu.

Mzee wa Risiti: Hukusoma ulichosaini.

Kinyozi Mstaafu: Nilisaini nini? Kijana alikuja na ngazi tu!

Mama Saluni: Jamani acheni niseme. Nilifungua saluni kando ya barabara kuu. Fundi akanitengenezea bango la futi 12 kwa 4, la taa, juu ya nguzo nje ili hata wa kwenye basi alione. Laki tisa, hela ya kikoba. Mwenye nyumba akasema simika, eneo langu linafika mtaroni. Wiki ya tatu wakaja wawili wa ushuru wa mabango na futikamba. Wakapima bango, futi za mraba 48. Mmoja akageuka, akamwona mwanamke wa rasta niliyemchoresha ukutani, akampima na yeye. Namwambia baba, hiyo si picha tu? Ananijibu, mama, ameshika chupa ya mafuta yenye jina. Nikalipa kwa awamu, risiti ninazo mpaka leo.

Mwezi uliofuata wakaja wengine, wa barabara. Risiti hawakuzitazama. Wakasema hao uliowalipa si sisi, nguzo yako imo kwenye hifadhi ya barabara. Mita 24 kutoka katikati ya barabara, inatakiwa 30. Wakachora X nyekundu, niiondoe ndani ya siku saba. Siku ya saba usiku nikaenda na mdogo wangu tuikate wenyewe tuokoe taa. Msumeno wa kuazima. Ikaelemea upande tusioutaka, ikalalia bajaji iliyoegeshwa jirani. Na ndani alikuwemo mtu amelala.

Bint Darajani: Yallah! Akawaje?

Mzee wa Risiti: Turudi kwenye mada. Mwenye nyumba wako alikuwa na kipimo cha zamani, mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 ndiyo iliyopeleka 30. Nyumba iliyokuwepo kabla huwekewa X ya kijani, ina fidia. Bango la juzi halina.

Fremu ya Kona: Mzee, mtu kalaliwa na nguzo wewe unaleta rangi za X?

Mama Saluni: Alitoka mzima, anatetemeka, anauliza kama ni tetemeko. Turubai na kioo nikalipa mimi.

Dereva Mchovu: Isije ikawa ndiye shemeji yetu sasa 😂

Bint Darajani: Mie niko Mji Mkongwe, huku futi 12 hata huziwazi. Mji uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kibao huombewa ruhusa kwanza. Changu cha mbao, hakizidi sinia. Wateja wanauliza njia, basi.

Wa Eastlands: Hapa Nairobi tangu 2023 ada ya bango imeunganishwa kwenye kibali kimoja cha biashara pamoja na zimamoto na afya. Lakini andika jina la duka kwenye gari uvuke kaunti ya pili, nao wanadai ada yao, utajua hujui. Kaka yangu alilala nje ya geti lao akilinda mikate.

Kinyozi Mstaafu: Andikeni kwenye kioo kwa ndani, hawapimi.

Fremu ya Kona: Changu cha ndani walikipima.

Mzee wa Risiti: Nenda mipango miji kabla ya kumlipa fundi. Chukua mchoro, vipimo na barua ya mwenye jengo. Na uliza barabara ni ya nani.

Dereva Mchovu: Mimi nimeweka spika mlangoni.

Mzee wa Risiti: Hiyo ni kelele, ina faini yake.

Dereva Mchovu: Mama Saluni hujajibu swali la shemeji.

Mama Saluni: Ana mke. Ananyoa kwangu bure mpaka kesho.